Anaongezewa damu, inaisha, anaongezewa tena: tumbo la tikitimaji

Ukizipanga mezani faili za wagonjwa hawa utadhani zimeandikwa na mkono mmoja. Mama wa miaka 65, 70, wakati mwingine zaidi. Akifagia uwanja anachoka, akipanda ngazi moyo unamwenda mbio, wanawe wanasema siku hizi kapauka. Wingi wa damu ukipimwa inakutwa gramu 5 au 6 kwa desilita, na mwanamke mzima anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Analazwa. Ndugu wanahangaika kutafuta wa kuchangia, anatundikiwa chupa mbili, anachangamka, anaruhusiwa na fefo, vidonge vya chuma, pamoja na omeprazo ya kupunguza asidi. Haipiti miezi miwili karudi, na damu ni 5 tena. Kila fomu ya ruhusa ina maneno yaleyale: upungufu wa damu, vidonda vya tumbo.

Upungufu wa damu si jina la ugonjwa. Ni taarifa kwamba damu inatoka mahali fulani, au haitengenezwi ya kutosha, au inavunjwa kabla ya wakati wake. Mpaka pale daktari atakapokuambia ni lipi kati ya hayo matatu, hajakuambia unaumwa nini. Na "vidonda vya tumbo" huku kwetu limekuwa jina la kila kitu kinachouma au kuwaka kati ya kifua na kitovu, hata kwa watu ambao kamera ya kuangalia ndani ya tumbo haijawahi kukuta kidonda.

Mimi ni daktari wa mfumo wa chakula na ini, na sehemu kubwa ya wiki yangu inaishia kwenye chumba cha endoskopi, yaani kipimo hicho cha kamera. Leo nataka nizungumzie sababu moja ya mzunguko huu wa chupa za damu ambayo ni nadra, lakini ikitambuliwa mgonjwa anaweza kutoka kwenye kitanda cha wodi akarudi shambani kwake. Mishipa midogo kabisa ya damu, iliyo kwenye utando wa sehemu ya chini ya tumbo la chakula, inatanuka, inajitokeza juu, na kuvuja kidogo kidogo kwa miezi au miaka. Kwenye ripoti huandikwa kwa herufi nne, GAVE. Madaktari wakiongea wenyewe kwa wenyewe husema tumbo la tikitimaji, na ukiiona picha yake hutauliza kwa nini.

Unadra wake usikudanganye sana. Takwimu inayonukuliwa mara nyingi kutoka Marekani inasema katika wagonjwa 100 wanaotokwa damu kwenye njia ya juu ya chakula, ukiwatoa wale wa mishipa iliyovimba ya umio, wapatao 4 wana tatizo hili. Tatizo ni kwamba wengi wao wamepita mikononi mwa watu, hata chini ya kamera, likaandikwa jina lingine.

Na kosa hilo lina historia. Mwaka 1953 Rider, Klotz na Kirsner walichapisha maelezo ya kwanza ya ugonjwa huu, nao wakauita gastraitisi, yaani uvimbe wa utando wa tumbo, yenye mishipa na kapilari, ile midogo kabisa, zilizotanuka. Siwalaumu. Kamera za kupindika tunazotumia leo zilikuwa bado hazijaja. Zilianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950. Ilipofika 1984, Jabbari na wenzake wa Montreal, Kanada, wakaeleza wagonjwa 3 waliokuwa na mistari myekundu inayokimbilia kwenye lango la kutokea tumboni, wakaifananisha na michirizi ya tikitimaji, na jina likaganda. Imepita miaka mingi, na bado neno ninaloliona zaidi kwenye ripoti za wagonjwa hawa ni lile la 1953: gastraitisi ya antramu.

Antramu ni sehemu ya mwisho ya tumbo kabla ya chakula kuingia kwenye utumbo mwembamba. Hapo ndipo chakula kinaposagwa na kusukumwa kwa nguvu kuelekea pailorasi, lile lango la kutokea. Wataalamu wanaamini msukumo huo wa siku zote ni sehemu ya maelezo: utando uliolegea unavutwa kuelekea langoni, mishipa iliyo kwenye ncha za mikunjo inabanwa na kunyooshwa, damu inakwama ndani yake, inatanuka. Wengine wanaelekeza kidole kwenye homoni na kemikali zinazolegeza mishipa, kama gastrini na prostaglandini, na wengine kwenye kinga ya mwili inayojishambulia yenyewe. Hakuna nadharia iliyomaliza ubishi. Kinachojulikana vizuri ni kile kinachoonekana kwenye hadubini: kapilari zilizotanuka, baadhi zikiwa na vibonge vya damu iliyoganda ndani, nyuzi za misuli zilizozaliana kuzizunguka, na seli za uvimbe chache tu. Gastraitisi ya kweli ni kinyume chake, seli za uvimbe zimejaa.

Sasa, damu hiyo inatoka kiasi gani? Hapa ndipo watu wanaposhangaa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe anaapa hajawahi kutapika damu wala kuiona chooni. Anasema kweli. Ili choo kiwe cheusi, chenye kunata na harufu yake ile mbaya, inabidi zitoke tumboni kama mililita 50 hadi 100 kwa siku. Chini ya hapo choo kinaweza kuwa cha kawaida machoni. Lakini piga hesabu ya madini ya chuma. Mililita 1 ya damu ina takriban miligramu nusu ya chuma. Mwili wa mtu mzima hufyonza kutoka kwenye chakula miligramu 1 hadi 2 kwa siku, ukijitahidi sana zaidi kidogo. Mtu anayepoteza mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, anapoteza miligramu 5 za chuma kila siku. Kila siku anadaiwa. Akiba yake inaisha kwanza, feritini, kipimo cha akiba hiyo, inashuka, halafu chembe nyekundu zinaanza kutoka ndogo na zilizopauka, halafu ndiyo anaanza kuchoka. Kwa kuwa inashuka taratibu, mwili unazoea. Nimeona watu wenye damu 4 wakiingia kliniki kwa miguu yao, wanatania na manesi.

Wasomaji watauliza, na safura je? Swali zuri, maana kwa mashamba yetu na miguu pekupeku minyoo ya safura inanyonya damu ya watu wengi kuliko tikitimaji litakavyowahi kufanya. Mnyoo mmoja wa aina iliyozoeleka zaidi Afrika hunyonya kama mililita 0.03 kwa siku. Akiwa nao 100, hiyo ni mililita 3. Kwa mtoto au mama mjamzito mwenye akiba ndogo inatosha kumwangusha. Kwa hiyo ndiyo, choo kipimwe na albendazo itolewe, ni rahisi na inasaidia. Ninachokataa ni mzee wa miaka 70 kupewa albendazo mara nne mwaka mmoja kwa damu ileile inayoisha. Mtu wa umri huo mwenye upungufu wa chuma usioeleweka anastahili kamera juu na kamera chini, kwa sababu kabla ya kufikiria ugonjwa nadra kama huu kuna saratani ya tumbo na ya utumbo mpana za kuondolewa kwenye orodha.

Na jambo moja dogo linalochanganya sana nyumbani: fefo yenyewe hufanya choo kiwe cheusi. Choo cha fefo ni cheusi chenye ukijani, kimeshikana, harufu yake ya kawaida. Choo cha damu kinang'aa, kinanata, na harufu yake huwezi kuisahau. Ukiwa na shaka, acha vidonge siku chache uangalie.

Vidole vya bibi

Kuna bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake, wa nyanda za juu kusini, kule ambako Juni na Julai asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani. Barua ya rufaa ilisema vidonda vya tumbo sugu. Nikamsalimia, "Shikamoo bibi," akaitika "Marahaba mwanangu," na nilipompa mkono nikakishika kile ambacho barua haikukiandika. Ngozi ya vidole ilikuwa imevutika, inang'aa, ngumu. Nikajaribu kuifinya ile ya juu ya kidole cha shahada isikunjike. Ncha mbili za vidole zilikuwa na vidonda vidogo vilivyopona vibaya.

"Vidole vina muda gani hivi?"

"Aa, huu ni ubaridi wa kwetu tu. Wazee wote vinakakamaa."

"Asubuhi ya baridi vinabadilika rangi?"

Akamtazama mjukuu. Mjukuu ndiye aliyejibu: vinakuwa vyeupe kwenye ncha, halafu kama bluu, halafu vinauma mpaka analia. Na ugali mkavu unamkwama, kila tonge lishushiwe na maji. Nilipomwomba afungue kinywa, kilifunguka vidole viwili tu kwa shida. Kifuani juu ngozi ilikuwa na madoa meupe yenye vitone vyeusi katikati, ambayo kijijini walikuwa wameyapaka dawa za kila namna.

Huo ni ugonjwa wa ngozi kukakamaa, skleroderma, ambao licha ya jina lake hauishii kwenye ngozi. Kinga ya mwili inashambulia mishipa midogo na tishu za viungo, umio unapoteza nguvu ya kusukuma, na kwa baadhi ya wagonjwa antramu inafanya hayo niliyoyaeleza. Tumbo la tikitimaji kwa wagonjwa hawa mara nyingi hujitokeza katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa, na wapo wanaogundulika kwa damu kupungua kabla mtu yeyote hajajali vidole. Wanaopimwa na kukutwa na kingamwili za aina ya RNA polimeresi III wako kwenye hatari zaidi. Kipimo hicho si rahisi kukipata kila mahali. Kushika mkono wa mgonjwa hakuhitaji bima.

Kwa pwani ni rahisi zaidi kuukosa, kwa sababu Dar es Salaam hakuna baridi ya kugeuza vidole rangi, na kwenye ngozi yetu nyeusi weupe na bluu havionekani waziwazi kama picha za vitabuni zinavyoonyesha. Uliza kuhusu maji ya friji. Uliza kuhusu kuosha vyombo alfajiri.

Si wote wenye tumbo hili wana skleroderma. Kundi kubwa la kwanza kuelezwa kwa kina, wagonjwa 45 wa Mayo Clinic kule Marekani mwaka 1992, lilikuwa zaidi la wanawake, wastani wa umri ukiwa miaka 73, na zaidi ya nusu walikuwa na ugonjwa fulani wa kinga kujishambulia. Wengine wana tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, wengine figo zilizochoka, na takriban theluthi moja wana sirosisi, ini lililosinyaa. Hao wa ini nitawarudia, maana ndio wanaotusumbua zaidi huku.

Kinachoonekana kwenye kamera

Watu wanaogopa kumeza mpira, na sikusudii kuwaambia ni raha. Kooni unapuliziwa dawa ya ganzi inayoacha uchungu mdomoni, unang'ata kipande cha plastiki chenye tundu, unalala ubavu wa kushoto. Kwa bibi yule tulitafuta kile cha watoto, cha kawaida kisingeingia. Mpira wenyewe una unene wa kidole chembamba. Dakika chache umemaliza.

Umio wake ulikuwa umepanuka na kutulia, hausukumi. Ndani ya tumbo hapakuwa na damu hata tone. Maji kidogo ya nyongo tu. Sehemu ya juu na ya kati utando ulikuwa umepauka kama mwenyewe alivyopauka. Halafu unaizunguka kona, antramu inafunguka, na pale mbele kuna pailorasi, tundu jeusi dogo, na kutoka kwenye tundu hilo mistari myekundu inatawanyika kila upande kufuata migongo ya mikunjo, katikati ya mistari utando mweupe. Nikajaza hewa. Mikunjo ikanyooka, mistari ikabaki. Nikasogea karibu zaidi: kila mstari si rangi moja, ni mkusanyiko wa vitone na vimishipa vilivyojisokota. Nikagusa kimoja kwa ncha ya koleo iliyofungwa, kikawa cheupe. Nikaachia, wekundu ukarudi. Kingine nilipokigusa kikaanza kutoa damu, taratibu, uzi mwembamba unaoteremka.

Hiyo ndiyo sura ya mistari, ile iliyoleta jina. Kuna sura nyingine, ya vitone vilivyotapakaa antramu nzima bila mpangilio, ambayo ndiyo hupatikana zaidi kwa wenye sirosisi, na hiyo ndiyo inayoandikwa gastraitisi kirahisi. Mtu akiwa na haraka, wagonjwa wengine kumi nje, anaona wekundu, anaandika wekundu, anampa dawa ya kuua bakteria wa tumbo na omeprazo. Dawa hizo hazifungi mishipa iliyotanuka. Omeprazo inapunguza asidi, na asidi siyo inayovujisha damu hapa.

Ukiwa na shaka kata kipande kidogo kipelekwe maabara. Wengine wanahofia kwamba mahali penye mishipa hapakatwi. Kwa uzoefu wa wengi, damu inayotoka ni kidogo na inasimama yenyewe. Ila mwambie mtaalamu wa maabara unatafuta nini. Ukimwandikia "gastraitisi?" atakujibu kuhusu gastraitisi.

Nirudi kwenye ini. Mwanza, Ukerewe na pembezoni mwa ziwa, kichocho cha tumbo ni jambo la kila siku: mayai ya vimelea yanakwama ndani ya ini kwenye matawi ya mshipa wa potali, ule unaoleta damu kutoka utumboni, presha ya mshipa huo inapanda, mishipa ya umio inavimba, na siku inapopasuka mgonjwa anatapika damu ya beseni. Hiyo hakuna anayeikosa. Presha hiyohiyo, iwe ya kichocho au ya sirosisi ya homa ya ini B au pombe, hubadilisha pia utando wa tumbo, lakini zaidi sehemu ya juu na ya kati, ukawa na vigawanyiko vidogovidogo vyenye mipaka myeupe. Tatizo hilo hupungua kwa propranolo, dawa ya kushusha presha ya potali. Tumbo la tikitimaji halipungui kwa propranolo. Hata wale wenye sirosisi, ukiwashushia presha ya potali kwa kuwawekea njia ya mchepuko ndani ya ini, mishipa ya antramu inaendelea kuvuja vilevile. Kinachoshangaza ni kwamba ini likibadilishwa, la zamani likatoka na jipya likaingia, mishipa hiyo hupotea. Kwa hiyo ini lililoharibika lina mchango wake, ila si kupitia presha. Kwa mgonjwa maana yake ni moja: daktari akisema "ni ini tu, meza propranolo" na damu inaendelea kushuka, swali la antramu liulizwe upya.

Tiba

Kwanza, chuma. Nalisema hili mbele ya mashine zote kwa sababu ndilo linalorukwa. Chupa moja ya damu inapandisha damu kwa takriban gramu 1 na ina miligramu 200 hadi 250 za chuma. Chuma cha kudunga kwenye mshipa kinaweza kuleta miligramu 500 hadi 1,000 kwa siku moja, kulingana na aina, na hakuna ndugu anayeombwa achangie. Kwa mtu anayevuja kila siku, vidonge peke yake mara nyingi haviwezi kufukuzia, na kwa wengi vinavuruga tumbo wakaviacha kimyakimya bila kumwambia daktari. Tunakimbilia chupa ya damu kwa mtu ambaye amezoea 6 na hana maumivu ya kifua wala presha iliyoshuka, wakati angepewa chuma akapanda mwenyewe ndani ya wiki tatu nne. Damu salama ni haba. Iachiwe mama anayejifungua.

Halafu mishipa yenyewe. Njia iliyozoeleka duniani ni kuichoma kwa gesi ya agoni. Mrija mwembamba unapitishwa ndani ya kamera, gesi inapulizwa, umeme unapita kwenye gesi na kuruka hadi kwenye utando bila mrija kuugusa. Unaona mwale wa bluu, mstari mwekundu unageuka mweupe kisha kahawia. Unaanza karibu na pailorasi, unarudi nyuma ukifuata mstari, halafu unaofuata. Kina cha kuungua ni milimita 1 hadi 3, na ndiyo maana njia hii ni salama kwa ukuta wa tumbo. Kila baada ya muda unainyonya gesi, vinginevyo tumbo linajaa mgonjwa anahangaika. Mara moja haitoshi. Mgonjwa anarudi baada ya wiki mbili hadi nne, mara mbili, tatu, nne, wengine zaidi, mpaka damu isimame, na hata hapo mishipa mipya inaweza kuota baada ya mwaka. Nasema haya kabla sijaanza, maana aliyeahidiwa kupona kwa siku moja haji awamu ya pili.

Baada ya kuchomwa panabaki vidonda vya juujuu. Hapo sasa omeprazo ina kazi halali, kwa wiki kadhaa.

Njia ya pili ndiyo ninayoipigia debe kwa hospitali zetu: ringi za mpira. Ni zilezile tunazofungia mishipa ya umio ya wagonjwa wa kichocho na sirosisi. Unanyonya kipande cha utando wenye mishipa ndani ya kikombe kidogo kilicho mbele ya kamera, unaachia ringi, kipande kinabanwa shingoni, kinakufa na kudondoka chenyewe baada ya siku chache. Unaanzia pailorasi, unapanda juu. Mwaka 2016 watafiti wa Misri walichapisha jaribio la wagonjwa 88 wenye sirosisi, wakilinganisha ringi na agoni. Waliofungwa ringi walihitaji awamu chache na chupa chache za damu. Zaidi ya matokeo hayo, mimi naangalia stoo. Mashine ya agoni haipo kila hospitali ya rufaa, na ilipo pengine mtungi umeisha gesi. Ringi tunazo, na mikono inayojua kuzitumia tunayo, kwa sababu ziwa limetufundisha. Maumivu ya tumbo siku moja mbili baada ya kufungwa ni ya kawaida.

Ipo pia njia ya kuunguza kwa mawimbi ya redio, kwa kibati kidogo kinachobandikwa mbele ya kamera. Inafanya kazi hata kwa walioshindikana na agoni. Bei yake inaniziba mdomo.

Dawa za kumeza na kudunga za kuzuia mishipa isivuje zipo kadhaa, kuanzia homoni za kike hadi oktriotaidi, talidomaidi na bevasizumabu. Ushahidi wake umejengwa zaidi juu ya wagonjwa wachache wachache, na talidomaidi ni dawa iliyolemaza watoto tumboni mwa mama zao, haichezewi. Naziweka kwa yule ambaye kila kitu kimeshindikana. Upasuaji wa kuondoa antramu huponya kabisa, mishipa haina pa kurudi. Lakini mgonjwa wetu ni mzee, pengine ini limesinyaa au mapafu yameshikwa na skleroderma, na kisu kinaweza kumuua haraka kuliko tikitimaji.

Kuna wanaovujishwa zaidi na vitu vya dukani. Aspirini ya kila siku ambayo hakuna anayekumbuka iliandikwa kwa sababu gani, diklofenaki ya magoti, dawa za kulainisha damu. Nyingine zina sababu nzito, mfano mwenye valvu ya bandia, na hizo hazikatwi bila daktari wa moyo. Diklofenaki ya kujinunulia ikatwe leo.

Namna ya kujua kama tiba imefaulu si uzuri wa picha. Nina wagonjwa ambao antramu zao bado zina makovu na wekundu hapa na pale, lakini mwaka mzima hawajaongezewa damu, na hao nawahesabu wamefaulu. Nina wengine ambao picha ni safi na damu inashuka, na hapo inabidi kutafuta pengine, kwenye utumbo mwembamba au mpana. Kwa hiyo baada ya awamu za kuchoma au kufunga ninachohitaji ni namba mbili, damu na feritini: mwanzoni kila mwezi, halafu kila miezi mitatu. Kituo cha afya cha karibu kinaweza kupima damu. Majibu mjukuu ananitumia kwa simu. Ikishuka chini ya 10 bila maelezo, au choo kikiwa cheusi cha kunata, asisubiri tarehe ya kliniki.

Na kama una mzazi ambaye ameshaongezewa damu zaidi ya mara mbili bila kuambiwa inakwenda wapi, ukija kwa daktari yeyote wa mfumo wa chakula usije na barua peke yake. Njoo na fomu zote za ruhusa hata zilizochakaa, namba za damu za kila mara pamoja na tarehe, vidonge vyote anavyomeza vikiwa kwenye mfuko mmoja, vya hospitali na vya dukani na vya mitishamba, na picha za kipimo cha kamera cha zamani. Siyo ripoti tu, picha. Kama zilipigwa kwa simu kutoka kwenye skrini, zinafaa.